Nilisikia Kipande Kikidondoka Ndani ya Injini, Nikasema "Tayari"

Kosa ni langu peke yangu, wala sitafuti mtu wa kunisaidia kulibeba. Naficha jina kwa sababu mama mkwe wangu ana majirani wanaosoma, naye nimekwisha kumwaibisha vya kutosha.

Ni mtu wa makamo, naishi Ukunda, natengeneza tuk-tuk, pikipiki na pampu za visima. Ufundi sikuusomea darasani. Nilijifundisha kwa vitabu vikuukuu, kwa video za simu, na kwa kufungua vitu na kuvifunga tena. Watu hunisifu kwa utaratibu. Sifungui nati kabla sijajua itarudi wapi. Basi msidhani anayeungama hapa ni mzembe asiyejua. Nilijua! Na hilo ndilo linalonitia hofu hadi leo.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nitamwita Bakari. Alikuwa dereva wa wageni wa hoteli huko Diani. Mzee mmoja mgeni, ambaye Bakari alikuwa akimwendesha, aliporudi kwao alimwachia gari lake la Kijapani, jekundu, la chini, lenye injini ambayo huku kwetu hakuna fundi aliyewahi kuiona.

Injini hiyo haina pistoni. Ndani mna chuma cha pembe tatu kinachozunguka kwenye chumba chenye umbo la ganda la karanga. Kwenye kila pembe kuna ukanda mwembamba wa chuma, sili, unaoteleza ukutani bila kuachia hewa. Sili hiyo ndiyo roho ya injini. Ikivunjika, nguvu zimekwisha. Tena hakuna kifuniko cha juu cha kufungua ili uchungulie, kama injini nyingine. Ukitaka kuona ndani, unaishusha yote na kuibandua vipande vipande.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Nilikuwa nikimweleza Bakari mpaka akapiga miayo.

Asubuhi ya kosa langu tulikuwa nyumbani kwao Tiwi. Binti yake Bakari ameolewa Mackinnon Road, alikuwa amejifungua, na siku hiyo anatolewa arobaini. Mama mkwe alikuwa anakwenda kumwona kitukuu chake cha kwanza. Ameshavaa, ameshafukiza nguo udi, masufuria ya kaimati na wali wa nazi yameshafungwa kwa vitambaa. Gari likaanza kukohoa. Nikaambiwa nilitazame.

Nikaona ni plagi. Gari lile lilikuwa limekaa miaka karibu na bahari, chumvi imekula nyuzi za plagi mpaka zimeshikana na injini. Kilichotakiwa kinajulikana: uiache injini ipoe kabisa, uinyunyizie plagi mafuta ya kulainisha kutu, uyaache yapenye hata siku nzima, ndipo uifungue taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Mimi nilianza ikiwa bado vuguvugu.

"Shemeji, hiyo ni plagi au gego?" Bakari akanisimamia kichwani. "Mbona umeikalia hivyo?"

"Lingekuwa gego lako ningeling'oa zamani, upunguze maneno."

"Mama, huyu ndiye mwanamume uliyempa binti yako. Plagi moja, jua linafika utosini!"

Mama mkwe akacheka barazani. "Mwache mkwe wangu. Huyu hapapasi. Akisema tayari, ni tayari."

Nikaongeza nguvu. Tak! Plagi ikakatika. Kichwa kikabaki mkononi mwangu, mwili ukabaki ndani ya injini.

Hakuna aliyeona, maana nilikuwa nimeinama upande wa gurudumu. Nikachukua kile chuma chenye meno ya kinyume, kinachouma kadiri unavyokizungusha kushoto, nikakigonga ndani ya masalio ya plagi, nikazungusha. Masalio yakatoka. Nikataka kushukuru.

Kisha nikasikia sauti ndogo, kama punje ya mchele ikianguka kwenye sahani ya bati. Nikaitazama plagi niliyoitoa. Ncha ya kauri haikuwepo.

Ilikuwa imeingia ndani!

Sasa sikilizeni nilichofanya, kwa maana ndicho kilichoharibu. Sisi mafundi wa tuk-tuk, takataka ikiingia kupitia tundu la plagi, tuna njia yetu. Tunaacha tundu wazi, tunapiga stata, injini inaitema takataka nje kwa pumzi yake. Nimefanya hivyo mara zisizo na idadi. Mkono umezoea. Lakini injini ya pistoni hupanda na kushuka, kwa hiyo hutema. Hii huzunguka. Kila kilichomo ndani huburutwa ukutani kwa ukingo wa sili. Nilikuwa nimelisoma hilo! Ilitakiwa nisizungushe chochote, niingize mpira mwembamba wa kufyonzea, nifyonze, nichungulie kwa kamera ndogo ya waya, na nisipokiona kipande, niwaambie watu safari imekufa.

Mama mkwe alikuwa ameshashuka barazani, kiatu kimoja mguuni.

"Bakari, piga stata kidogo," nikasema.

Krrr. Sauti fupi, kavu. Kisha pumzi ikaanza kutoka kwenye tundu. Injini nzima ya namna ile hutoa pumzi tatu zinazolingana: puu, puu, puu. Hii ikatoa moja yenye nguvu na mbili za kuchoka. Puu, fss, fss. Nilisimama nikasikiliza, nikataka masikio yangu yanidanganye. Hayakunidanganya. Sili moja ilikuwa imeumia, na sili moja huziba pande mbili.

Nikafunga plagi mpya. Gari likawaka. Lilitetemeka kidogo, kisha likatulia.

"Vipi, fundi?" Bakari akauliza.

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Nilimtazama mama mkwe. Kwetu mtu na mkwewe wana staha baina yao. Hata kukohoa mbele yake unajizuia. Nikajiona nikimwambia kwamba nimevunja gari la mwanawe na kitukuu hatamwona siku ya arobaini.

"Tayari," nikasema.

"Niliwaambia!" akasema mama mkwe.

Bakari akanifungulia mlango wa mbele. Nikamwambia hapana, mbele ni pa mama, ni mtu mzima. Majirani waliokuja kuaga wakasifu adabu yangu. Naungama: haikuwa adabu. Nilikwenda nyuma kwa sababu niliogopa kukaa mbele. Nilimweka mama wa mke wangu mahali nilipoogopa kukaa mimi!

Tulipita Kwale, tukashuka Kinango. Mimi nilikuwa nyuma na masufuria, nikisikiliza injini kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa. Gari likipunguza mwendo lilitaka kuzimika, Bakari akaliongezea mafuta. Kila mara nilisema moyoni, tukifika mbele nitamwambia. Mbele tukafika, sikusema.

"Shemeji amenyamaza kama bwana harusi," Bakari akasema.

"Amechoka, mwache," mama mkwe akamjibu. "Mungu amlipe. Bila yeye tungekuwa bado Tiwi."

Nikaitikia amina. Dua ile ilinichoma kuliko tusi.

Samburu tukaingia barabara kuu ya malori. Baada ya Taru tukakuta lori refu la kontena likijikongoja. Bakari akachungulia, akaona njia nyeupe, akatoka kulipita. Akakanyaga. Injini ikalia kwa sauti ya juu, na kwa kitambo nikadhani huenda nimekosea, huenda hakuna kilichovunjika.

Pa!

Ulikuwa mshindo mmoja tu, halafu nguvu zikakatika. Tulikuwa ubavuni mwa lori, kichwa cha lori kiko mbele yetu na mkia uko nyuma yetu. Bakari akakanyaga mpaka mwisho, gari likanguruma tu bila kwenda. Mbele likatokea lori la mafuta likija kwetu, taa zimewaka mchana.

"Rudi nyuma, Bakari!" nikapiga kelele. Lakini nyuma yetu basi lilikuwa limeshajaza pengo.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alianza kutoa shahada, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma akiwa nyumbani kwake. Namsikia mpaka leo.

Dereva wa lori la mafuta ndiye aliyetuokoa, baada ya Mungu. Alilitoa lori lake barabarani, likaingia kwenye kokoto na vichaka, vumbi likafunika kila kitu. Tulipenya katikati. Kioo cha pembeni kikang'olewa. Bakari akaliburuta gari hadi ukingoni, upande usio wetu, likazima.

Kaimati zilikuwa zimemwagika mapajani mwangu. Nikafungua mlango, nikashuka.

Yule dereva alikuja akikimbia, kijana wa bara. "Mzee, wewe una wazimu? Nimebeba mafuta! Unaovateki na kikopo haina nguvu! Ungetuchoma sisi wote na huyu mama!"

"Nisamehe, mwanangu," Bakari akamwambia. "Ni mimi. Nimekosea kupima."

"Umekosea kupima?" mama mkwe akamgeukia. "Umezeeka, Bakari, lakini bado unakimbiza magari kama mtoto! Ungeniua leo, na wajukuu zangu wanangoja!"

Bakari akainamisha kichwa. Aliapa mbele yetu kwamba macho yake yamemdanganya. Nami nilisimama pale, kokoto miguuni, ukweli kinywani, nikasema, "Ni mambo ya barabarani, mama. Hutokea."

Hutokea! Neno hilo lilitoka kinywani mwangu.

Wiki zilizofuata Bakari aliharibika. Akiwa na wageni, lori likitokea mbele anasimama pembeni, mikono inacheza kwenye usukani. Mwishowe alikwenda kwa mkubwa wake hotelini akasema mwenyewe kwamba hafai tena kubeba roho za watu. Mtu aliyeendesha maisha yake yote bila kumkwaruza hata kuku! Alianza kushinda barazani akitazama vidole vyake.

Hapo sikuweza tena. Nilimkuta Tiwi baada ya swala ya Alasiri, nikamweleza yote, tangu plagi hadi pumzi mbili zilizochoka.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilipima sawa?"

"Ulipima sawa. Lingekuwa zima, lingepita."

Alifunika uso. Nilidhani atanipiga, na ningemwachia. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha akapangusa macho na kunitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

"Uliona nikimwomba radhi yule kijana."

"Niliona."

"Uliona mama akinitukana barabarani."

"Niliona, Bakari."

"Kamwambie mwenyewe. Mimi sikubebei ujumbe."

Nilimwambia, nimepiga magoti, macho chini. Mama mkwe akasema, "Nimekusamehe, kwa sababu nami nataka kusamehewa na Mola wangu. Lakini nilikuombea dua njiani, na wewe ukaitikia amina huku ukijua." Akainuka, akaingia ndani. Hakufunga mlango. Hakunikaribisha pia.

Bakari amerudi kwenye usukani, taratibu, wa gari jingine. Salamu yangu anaitikia. Mizaha yetu imekufa. Gari jekundu liko uani limefunikwa turubai, na nilipoibandua injini niliikuta sili imekatika na ukuta umechanika kama uliopigwa kucha.

Na mke wangu, kila nikiwasha gari letu tutoke, huuliza akiwa bado nje: "Kuna kitu hujaniambia?" Najibu hakuna. Naye hulipima jibu langu kwanza, mkono kwenye kitasa, kabla ya kuingia. Sijui atauliza hadi lini. Sina haki ya kumkataza.

Ndugu zangu mafundi, na wewe usiye fundi unayefungua gari lako mwenyewe kwa kuamini video: plagi ikishikana, usiivute kwa hasira wala kwa haraka ya watu wanaosubiri. Ipake mafuta, ulale, uirudie kesho. Kitu kikiingia ndani, usiguse stata, hasa kama injini ni ya namna ile inayozunguka. Fyonza, chungulia, na kama huna uhakika, liache gari lisimame.

Na ukishaharibu, sema. Sema mbele ya mkweo, sema mbele ya majirani, aibu ikuvue nguo mchana kweupe! Sema wakati milango ya gari bado iko wazi na watu wote wako nje.