Mshale Ulipotufikisha kwenye Masale

Kila mara ramani ya simu inaponiambia nimefika, puani hunirudia harufu ya udongo mbichi wa migombani, kule chini ya Mlima Meru. Nilikuwa mtoto, na baba alinipa nishike kifaa chake cha ramani. Tulikuwa tunatafuta kopo ambalo watalii huficha ili wenzao walisake. Mshale wa kifaa ulitufikisha kwenye masale, mimea ambayo kwetu hupandwa mipakani na makaburini.

"Huu ni mpaka tu," alisema baba, akayang'oa na kuanza kuchimba.

Bibi mwenye shamba akatokea. Nikamwamkia shikamoo. Alikuwa akiyatazama masale yaliyong'olewa.

"Mwanangu amelala hapo," alimwambia baba.

Baba akapiga magoti, akawa anarudishia udongo kwa mikono. Nami sikujua kukizima kifaa. Kiliendelea kulia, kikitangaza kwamba tumefika.