Injinia na Kiuno cha Chiriku

Kaka yangu ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, na kazi yake sina ugomvi nayo. Dirisha akilifunga yeye, limefungwa. Ugomvi wangu ni na mdomo wake. Mtu hajawahi kushika mpira maishani mwake, lakini siku binti yake aliporudi kutoka shuleni akisema anacheza softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, jioni ileile kaka akawa mwalimu. Alikuwa ametazama video mbili kwenye simu, na ya pili hakuimaliza kwa sababu bando lilikata. Ati akajiita Injinia. Lo!

Binti yake tunamwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hajanyamaza. Mtoto alitaka kitu kimoja tu, achaguliwe timu ya mkoa. Jicho alikuwa nalo, na mkono mwepesi, ila mipira yake haikwenda mbali. Mwalimu wa michezo akamwambia nguvu ya gongo haitoki mkononi. Inaanzia mguuni, inapita kiunoni, mkono unafuata tu. Maneno mafupi hayo, hata mimi muuza vitambaa niliyaelewa.

Injinia akacheka. "Mwalimu gani huyo? Kitu kikitikisika ujue kimeharibika. Muulize fundi yeyote."

Basi akamsimamisha mtoto karakanani, katikati ya vioo na vipande vya fremu, akamwekea pima maji mabegani. Ndiyo, pima maji, ile ya kuangalia kama fremu imekaa sawa. Kiputo cha ndani yake kikihama, anafoka. Kiwiko akakipima kwa skwea, ile ya kupimia kona. Kiuno akakikaza kwa mkanda wa kufungia mizigo, kisisogee. Mtoto akawa anapiga mpira uliotulia juu ya bomba, mikono peke yake ndiyo inazunguka, mwili mzima umekakamaa. Wifi yangu naye kazi yake kupiga makofi mlangoni. Huyo mumewe akimwambia jua ni baridi, atavaa sweta.

"Kaka, unamfunga mtoto kama dirisha," nikamwambia.

"Wewe uza vitambaa vyako."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikauza vitambaa vyangu. Chiriku naye akaanza kunyamaza mezani, akijibu "ndiyo baba" na "sawa baba", na bwana yule akadhani ndiyo nidhamu.

Siku ya mchujo Injinia akaja uwanjani na pima maji kwapani, utadhani kaitwa kufunga mlango. Akaning'inia kwenye wavu unaozunguka uwanja. "Bega! Angalia bega!" Mrushaji, msichana mrefu mwenye mkono wa kasi, akarusha. Chiriku akapiga. Bega sawa, kiwiko sawa, na mpira ukajikongoja mpaka miguuni kwa mrushaji, ukalala.

Mchaguzi, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, akamsogelea mtoto. "Binti, jicho lako zuri sana. Sasa legeza kiuno, kiache kizunguke. Nipigie mmoja tu hivyo, nakuchukua."

Chiriku akageuka kumtazama babake. Na yule bwana, mbele ya watu wazima wenye akili zao, akatikisa kichwa. Hapana. Mtoto akamtii. Mpira ukampita.

Majina yakaitwa, lake halikuwamo. Injinia akawageukia wazazi wenzake. "Lakini mliyaona mabega? Yamenyooka! Kiputo kisingehama hata kidogo!" Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye, si mimi.

Chiriku akaja mpaka kwenye wavu na gongo lake. Macho yalikuwa makavu. "Baba, shika. Nenda kasimame pale, dada yule akurushie. Mimi nitakuelekeza."

"Mwanangu, mimi kazi yangu ni kufundisha. Kupiga ni mambo ya..."

"Umewahi kupiga hata mmoja, baba?"

Wazazi wote walikuwa wamegeuka, na mrushaji alikuwa bado amesimama pale na mpira mkononi. Kaka akanitazama mimi, dada yake wa tumbo moja, nimwokoe. Nikampokea pima maji yake, mikono yote miwili iwe wazi.

"Nenda," nikamwambia. "Mtoto anakungoja."