Kisigino Nilichokichoma kwa Kokoto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliamka nikakanyaga sakafu, na kisigino cha kulia kikanichoma kama nimekanyaga mwiba. Nikasema ni uchovu. Na kweli, nikishatembea kidogo kilipoa, kisha jioni kikarudi na ghadhabu zake. Nilikaa nacho hivyo miezi, simwambii mtu.

Miaka hiyo Burundi hapakuwa na amani, na watu walikuwa wakishuka kwa boti mwaloni Kibirizi, kwetu kando ya ziwa, mafurushi vichwani. Mimi nilikuwa naanika dagaa hapo hapo. Dada yangu Generoza alikuwa ameolewa ng'ambo, huko huko Burundi, na habari zake zilikatika. Kila boti iliyogusa nchi kavu, niliacha dagaa nikakimbilia kutazama nyuso, maana wageni hawakulala pale. Waliandikwa majina, wakapakiwa kwenye malori, wakapelekwa kambini. Roho yangu haikutulia hata wakati wa kula.

Na sisi waanikaji tulikuwa na desturi yetu: uwanjani haingii kiatu. Kiatu huleta uchafu kwenye dagaa, na mwanamke aliyevaa alichekwa kuwa anajifanya mke wa mkubwa. Basi tulishinda pekupeku juu ya kokoto. Wenzangu wakanifundisha dawa: kokoto zikishika jua la mchana, kandamiza kisigino hapo mpaka kife ganzi. Nikakandamiza. Ganzi ikaja, nikafurahi, nikakimbilia boti nyingine. Ujinga nao una raha yake, mwanangu.

Asubuhi moja nikashindwa kabisa kusimama. Nilitambaa hadi mlangoni nikakaa, nasikia injini za boti zikiingia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu. Kesho yake jirani akanipeleka zahanati kwa Mama Kezia, muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikigeuza kisigino, akaona ngozi iliyobabuka. "Huu mguu umekukosea nini, binti, mpaka unauchoma?"

Nikamweleza habari za dada, nikamwomba sindano ili nirudi mwaloni siku ile ile.

"Sindano ya kukukimbiza leo sina," alisema. "Chini ya unyayo kuna ukano mpana, umeshika kisigino na vidole. Unauchosha kutwa bila kiatu, halafu unauunguza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa mapema, shukuru."

Akanionyesha la kufanya ngozi ikishapona. Kabla ya kushuka kitandani, nipitishe kanga chini ya vidole, niuvute unyayo kuja kwangu, nihesabu polepole hadi thelathini, nirudie mara tatu. Kisha niegemee ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino kimekaa chini, mpaka nisikie shavu la mguu linavutika. Jioni niviringishe chupa ya maji baridi chini ya unyayo. Kandambili bapa niachane nazo, nitafute mitumbani raba zenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, zisizokunjika katikati kama chapati. Nilimchukia, nasema kweli. Mimi nataka leo, yeye ananipa miezi.

Nikafanya, huku nanuna. Raba nikaziosha, zikawa za uwanjani tu. Wenzangu walicheka wiki moja wakachoka. Haba na haba hujaza kibaba: mwezi wa pili niliamka nikatembea bila kushika ukuta, na wa nne niliweza kushinda nimesimama. Ndipo nikapata gari nikaenda kambini, nikapita mstari kwa mstari wa mahema, naulizia. Siku ya pili nilimkuta Generoza anachambua maharage.

Alinishika uso kwa mikono miwili. "Murumuna wanje," alisema, mdogo wangu, "nilishukia Kibirizi. Nilijua unaanika pale. Walitukataza kutoka kwenye foleni, nikakuita mpaka sauti ikakauka. Nikasema, basi, amekufa."

Nilipomuuliza siku, ilikuwa ile niliyokaa mlangoni. Miezi minne dada yangu aliniombea kama marehemu, na mimi nilikuwa hai, nauguza kisigino.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, wewe unayechechemea asubuhi ukidhani sikuoni. Maumivu ya kisigino yaseme mapema. Nyoosha unyayo na shavu la mguu kila siku, hata siku zisizouma. Vaa kiatu kinachokubeba, na anayecheka acheke. Usichome, usichanje. Ukiona uvimbe, homa au ganzi isiyoisha, nenda hospitali. Punguza kukimbia kwa muda, ingawa najua moyo utakusukuma, kama ulivyonisukuma mimi. Mungu akujalie miguu yenye uzima, na siku akupendaye atakapoliita jina lako, akukute umesimama.