Kitufe cha Kinanda cha Shija

Leo nacheka, lakini siku ile pale Bariadi niliomba ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu. Na msinipe pole, kosa lilikuwa langu.

Mimi ndiye niliyekuwa mpiga kinanda wa bendi yetu ya jazi, na ndiye niliyekuwa nawapangia wenzangu muziki, tarumbeta iingie hapa, magitaa yapumue pale, miaka kumi nafanya hivyo kwa kinanda kilichokuwa bubu sauti tatu (nilijifunzia kile cha kukanyaga cha kanisani, msinicheke). Halafu serikali ikafungua biashara, vitu vya nje vikaanza kuingia, na dogo mmoja wa Lamadi anaitwa Shija, baba yake anauza samaki, akanunuliwa kinanda kipya kinachopiga mpaka ngoma chenyewe, akaja nacho kujiunga na bendi! Siku ya kwanza kukisikia nilishindwa kula. Wivu, jamani, sina jina lingine. Tena Mzee Masunga, kiongozi wetu, akatangaza kwamba tajiri mmoja anafungua kiwanda chake cha kuchambua pamba kule Bariadi na katualika tupige kwenye sherehe, na hapo hapo yeye Masunga atatusikiliza mimi na Shija kwenye kinanda hicho kipya, atakayemridhisha ndiye mpangaji wa muziki.

Sasa mazoezini nilishamwona Shija akibonyeza kitufe fulani, kinanda kizima kinapanda nusu sauti. Mchana wa sherehe, wenzangu walipokwenda kula, nikanyata, nikabonyeza. Mara moja tu! Nikajisemea, dogo akianza atalia peke yake, mbali na magitaa, watu wamzomee.

Tulipopanda jukwaani Mzee Masunga akashika maiki: "Kwa heshima, mkubwa anafungua."

Mkubwa nani? Mimi!

"Hapana mzee, tumwachie dogo," nikasema, jasho linanitoka.

"Acha unyenyekevu wako, kaa hapo."

Nikabonyeza tena nikidhani kitashuka, kumbe kinazidi kupanda. Nikaanza. Mama yangu! Mimi kule, magitaa huku, akina mama waliokuwa wameshaingia kucheza wakasimama mikono hewani. Na badala ya kukiri, nikawageukia wapiga gitaa nikawafokea, "Kazeni nyuzi nyie, mmeshuka!" Wakakaza, maana walikuwa wananiamini (miaka kumi!), uzi mmoja ukakatika ukamchapa mwenyewe shavuni, na yule wa tarumbeta akabaki ananitazama tu, tarumbeta utaikaza wapi? Mtu akapaza sauti, "Mtoeni huyo, ataozesha pamba!"

Shija akaja taratibu, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kinanda kikatulia. Akaninong'oneza, "Kaka, ulibonyeza mara mbili." Kisha akamgeukia mzee: "Ni barabara tu, mzee, kimetikisika njiani."

Nyuzi za magitaa zikalegezwa, Shija akakaa. Na alipiga nini? Wimbo wangu, kama nilivyoupanga mimi, tarumbeta pale pale nilipoiweka! Watu walicheza mpaka vumbi likafunika meza ya tajiri. Kazi akapewa yeye, mimi nikapiga makofi huku moyo unaniwaka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia nimevaa tai. Kitufe cha mtu sigusi tena, hata redio ya nyumbani namwambia mke wangu aizime. Na Shija mpaka leo hajamwambia mtu yeyote, ndiyo maana nimewaambia mwenyewe, kwa sababu hata huo wema wake nauonea wivu.