Mwiko wa Mama na Pete ya Lehemu

Juzi sokoni Kakamega nilipita kwa fundi wa redio, harufu ya lehemu inayoyeyuka ikanisimamisha. Nilisimama pale na mboga zangu mpaka fundi akaniuliza kama nimeleta redio.

Baba yangu alitengeneza mipini. Miaka ile ya uhuru, kila aliyetaka kuitwa mheshimiwa aliagiza usinga, hata kama kwake hakukuwa na nzi wa kufukuza. Baba alichonga mfereji kuzunguka mpini, akauvika karatasi ngumu, akafunga uzi na kuziba kwa udongo, ila tundu moja dogo. Humo alimimina lehemu ya moto. Ikipoa, alibandua karatasi, na pete nyeupe ikabaki imeushika mti. Lakini kabla ya yote aliuweka mpini shavuni, maana mti wenye maji una ubaridi, na lehemu ikikutana na maji huruka. "Mti hauna haraka," alizoea kusema, "mwenye haraka ni moto."

Mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Baada ya mazishi tulinyolewa vichwa kama desturi, na mimi sikulia. Msidhani nilikuwa jasiri. Nilikufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Senge, dada yake baba, alinitazama akasema, "Huyu mtoto hawezi lia? Mamake ameenda, yeye anaoshanga tu vyombo."

Ni kweli, niliosha. Niliosha hata mwiko wa mama, uliokuwa umepasuka mpini na bado una ukoko wa obusuma, ugali wa mwisho aliousonga. Baba alikuwa amesema siku hiyo angeufunga pete usije ukagawanyika, nami nikataka aukute safi. Niliufuta kwa gauni. Habari ya maji niliijua vizuri, lakini sikusema neno. Nilijiambia shavu lake litamwambia.

Baba aliuweka shavuni, uso ameugeuzia ukutani, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akachonga, akafunga karatasi, akamimina. Lehemu iliruka ikamchoma mkono, na ule ufa ukaachia mpaka chini.

"Ulikuwa na maji," akasema.

"Niliuosha, baba."

"Sawa."

Nilimchukia kwa ile sawa yake. Nilitaka anichape, labda ningelia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile hakujali hata kupima vizuri, na kwamba mwiko wa mama kwake ulikuwa kuni tu.

Mwaka jana nilimzika mume wangu. Siku chache baadaye nilianua shati lake kambani, nikaliweka shavuni nione kama limekauka. Sikuweza kujua. Nikajaribu shavu la pili, vilevile; yote mawili yalikuwa yamelowa machozi. Nilisimama pale na shati mkononi, nikamwona baba amegeukia ukuta.