Wingu Halijui Dagaa wa Nani

Ule mwaka wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya msaada, ugali ulipokuwa wa njano kama kiini cha yai na ukinuka gunia, ndio mwaka nilioanza kwenda na mama kuanika dagaa pale mwaloni Katonga, mitumbwi inapotia nanga. Wa rika langu mnaujua. Sisi tulizoea ugali wa muhogo, unauvuta unavutika, unauzamisha kwenye mchuzi wa samaki wetu wa migebuka uliojaa mawese mpaka vidole vinabaki na rangi hadi jioni. Ule wa yanga ulimeguka mkononi kama udongo wa kichuguu. Tukanuna. Mama akasema, "Nuneni, lakini sahani irudi tupu."

Mimi nimeishia darasa la nne, kwa hiyo nikiandika kama ninavyoongea mnivumilie. Nina hasira, na sijaamua kuziacha zipoe.

Alfajiri mitumbwi ilirudi na karabai zake zikiwa zimeshazimwa, na sisi watoto tulikuwa tayari mchangani tumeshika mabeseni. Dagaa wabichi wanang'aa, wanateleza, unawamwaga na kuwatandaza kwa kiganja mpaka asilale mmoja juu ya mwenzake. Kisha mbio shuleni. Mwalimu alikuwa akituona tu anaziba pua: "Wa Katonga kaeni dirishani." Tulikaa dirishani, na ndiko kulikokuwa na upepo. Mchana tunarudi kuwageuza dagaa na kufukuza kunguru, katikati tunacheza mdako kwa vijiwe vya ziwani. Anayeshindwa anafukuza kunguru wa wote.

Kila mama alikuwa na uwanja wake. Hapakuwa na ukuta wala kamba. Uwanja wa mama uliishia kwenye jiwe, kuanzia hapo ulikuwa wa jirani, na hakuna aliyelisogeza jiwe.

Sasa sikilizeni. Wingu likionekana limesimama juu ya milima ya Kongo, huku kwetu bado jua linawaka, lakini mtu mzima hadanganyiki. Dagaa aliyekauka nusu akinyeshewa ameisha, ataliwa na kuku. Hapo wanawake wote walinyanyuka kuanua, na sheria ilikuwa moja: unaanza na dagaa wa yule asiyekuwepo. Wako baadaye. Mama alitwambia, "Wingu halijui dagaa wa nani. Na wewe usijue."

Mwaka huohuo wa yanga mdogo wangu alipatwa na surua. Mama alimbeba mgongoni kwenda hospitali, nami nikamfuata na chupa ya uji. Tulikuwa tumeanika mzigo wote tuliokuwa nao, hakuna mwingine nyumbani. Mvua ikatukuta hospitalini, mvua ya kishindo, na mama akakaa kwenye benchi anatazama bati. Tuliporudi Katonga mchanga wetu ulikuwa mtupu. Dagaa wetu walikuwa wamelala ndani kwa jirani, wakavu, juu ya mkeka ambao watoto wake walitakiwa kulalia. Dagaa wake mwenyewe nusu walikuwa wamelowa. Mama alipotaka kushukuru, yule jirani akamkata: "Shukrani ya nini? Mtoto anaendeleaje?"

Mtaji wetu haukufa siku ile. Nimesomesha watoto, nimejenga, nimezika wazazi wangu kwa heshima, vyote kwa dagaa. Mtu akitaka kujua siri ya mafanikio, ndiyo hiyo. Hailipiwi kiingilio.

Lakini mjukuu wangu Rehema alilipa kiingilio. Alikwenda kwenye semina mjini, akafundishwa fikra za ushindi na kijana mmoja wa kutoka mbali, suruali imembana utadhani amevalishwa na adui. Tangu hapo anaamka saa kumi alfajiri. Nikafurahi, nikajua anawahi mitumbwi. Kumbe anasimama mbele ya kioo, anakiambia, "Mimi ni mshindi," mara nyingi, kisha anarudi kulala. Ukutani amebandika picha za magari. Ukimwambia jambo asilolipenda anasema, "Bibi, unanitoa kwenye fokasi."

Niliyacheka hayo. Mtoto ana bidii, amepata wanunuzi Dar es Salaam, anafungasha dagaa kwenye mifuko inayopendeza. Magoti yangu yamechoka, na nilishawaambia watu wa mwaloni kwamba msimu huu namkabidhi uwanja wa mama yangu.

Wiki iliyopita nikaenda kuzika kijijini Simbo. Nilimwacha Rehema na dagaa. Jirani yetu Mama Eliza naye alikuwa ameanika, akapanda mjini mara moja kumchukulia mumewe dawa. Mvua ikaja. Niliposhuka kwenye bodaboda nilimkuta Mama Eliza amepiga magoti, anachambua dagaa kwenye matope.

"Mwidiwe, Bibi Rehema," akanisalimia bila kuinua kichwa. "Leo mjukuu wako amenisomesha. Sikulipa hata kiingilio."

Dagaa wetu walikuwa chini ya turubai, wakavu kama makombo ya biskuti. Rehema amekaa pembeni na simu.

"Ulijua Mama Eliza hayupo?"

"Nilijua, Bibi. Shikamoo."

"Salamu yako iweke kwanza. Dagaa wake uliwaona?"

"Niliwaona. Ila Bibi, kila mtu abebe mzigo wake. Ukibeba na ya watu, hufiki."

"Na hilo turubai la nani?"

Akainamia simu. "La Mama Eliza. Asingelitumia, Bibi. Hayupo."

Nimezaa, nimezika, nimeibiwa, sijawahi kusikia neno linalonuka kama lile. Nilifunua turubai, nikagawa dagaa wetu mafungu mawili, moja nikambebesha Rehema kichwani alipeleke mwenyewe hadi nyumbani kwa Mama Eliza, watu wakimwona. Alilia njia nzima.

Kesho yake akaja na pipi kifua kwa ajili ya kikohozi changu, na maneno matamu. Anataka kuzungusha senyenge na kusimamisha bango lenye jina lake. Amejitamkia kwamba uwanja ni wake, na ukijitamkia kitu kinakuja.

Nikamwambia, "Uwanja sikupi, na usiniulize tena."

Juzi mama yake akanipigia kutoka Gungu. "Mama, mtoto amekosa mara moja tu. Wanunuzi wanamsubiri. Kama si yeye, utamwachia nani?"

Nikamjibu kwamba nitauacha kwa atakayenyanyuka wingu likija, hata akiwa mtoto wa Mama Eliza.

Sisi wa enzi ya yanga hatukuwa malaika. Tulisengenyana, tuligombania maji, tuliitana wachawi. Lakini mvua ilipokuja tulikuwa na mikono mingi. Watoto wa leo wana simu, wana mifuko mizuri, wana mwalimu wa kila kitu, na mvua ikija kila mmoja ana mikono yake miwili tu. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata dagaa.

Leo asubuhi Rehema amerudi. Safari hii hakuleta pipi. Amesimama mlangoni, macho yamevimba, akasema, "Bibi, nimeshaomba msamaha. Sasa nifanyeje? Nipe uwanja."

"Uwanja sikupi, na usiniulize tena."