Sauna ya Kumchagulia Mama

Mama yangu, Evarista, amechuma chai Mufindi miaka thelathini na moja, kapu mgongoni, ukungu mpaka saa nne asubuhi. Sasa amestaafu, ila maumivu ya mgongo hayajastaafu. Kuamka kwake ni kazi: anakaa, anashika ukuta, anamwomba Mungu, ndipo anasimama. Na tangu baba, mzee Anord, afariki mwaka jana, ameacha hata kujifukiza, dawa pekee iliyokuwa ikimlegeza. Mimi naishi Mbeya, na kuuwaza mgongo ule kumenichosha kuliko kazi yangu.

Nikaamua kumnunulia sauna ya nyumbani. Muuzaji alikubali kunisubiri mpaka Jumatatu, nikapanda basi hadi Nyololo, kwa mama, na picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ni hema la mvuke, unakaa ndani kichwa kikibaki nje. Ya pili ni kijichumba cha mbao cha umeme, chenye mlango wa kioo. Nilimweleza mama kwamba hema linakunjwa, unalibeba popote. Cha mbao ni imara, lakini umeme wenyewe si anaujua, unakatika kila mara.

"Nani anakaa nje?" akauliza.

Nikamwambia mtu hahitajiki, ina saa, inajizima yenyewe. Akaendelea kuchambua maharage. Nilikasirika kweli. Nimetoka Mbeya na vumbi lote lile, halafu naulizwa swali kama hilo.

Alasiri mgongo ukambana, nami nilishachoka kubishana. Nikachemsha majani ya mkaratusi na mchaichai kwenye sufuria kubwa, nikamkalisha kwenye kigoda, nikamfunika kwa blanketi la baba. Nikakaa pembeni nachezea simu. Ndipo nikakumbuka kwamba baba alikuwa akikaa hapohapo, na kila baada ya kitambo aliuliza kama mkewe bado yupo.

"Mama, upo?"

Nikauliza tena, blanketi halikutikisika. Mara ya tatu nilishainuka kulifunua, hofu imenijaa.

"Nipo, Jackline." Sauti yake ilikuwa imelegea, kama ya mtu aliyetua mzigo. "Nilikuwa nakusikiliza unavyouliza."

Nikakaa chini, machozi yananitoka. Baadaye akazungumza tena humo humo ndani.

"Lile hema umesema linakunjwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nunua hilo. Uwe unakuja nalo."